UZI: Bei ya R22 haikupangwa Kariakoo. Kwa nini mkataba wa gesi za friji umebana kweli wakati ile ya tabianchi inasuasua?

fundi_geji

Wakuu heshima kwenu.

Kuna wateja wangu kila nikiwapa bei ya kujaza gesi ya R22 kwenye zile AC za zamani wananitolea macho, mmoja juzi kanambia kabisa "fundi, si hewa tu hiyo?" Nimechoka kujibizana na mmoja mmoja nikaona bora niweke uzi, maana hiyo bei sijaipanga mimi wala wale jamaa wa Kariakoo. Mwanzo wake ni mkataba wa kulinda ozoni, lile tabaka la juu linalotukinga na mionzi mikali ya jua, uliosainiwa Montreal kule Kanada mwaka 1987, halafu ukaja kubanwa na kubanwa tena, na kipande cha mwisho kimefungwa hapo jirani tu Kigali 2016. Na katika kuifuatilia kuna jambo limenikaa kichwani: katika mikataba yote ya mazingira ya dunia huu ndo ninaouona unafika mpaka kwenye mtungi ninaoubeba begani. Mingine naisikia kwenye taarifa ya habari mwezi wa kumi na moja, viongozi wamepiga picha ya pamoja, basi.

Historia naenda haraka. Friji za zamani zilitumia R12, hiyo ni CFC, gesi tamu sana kwa fundi, haiwaki, hainuki, haikudhuru ukiivuta kidogo. 1974 wanakemia wawili wa California, Molina na Rowland, wakaandika kwamba hiyo gesi ikipanda juu kabisa inapigwa na mionzi ya jua, inaachia klorini, na klorini inaanza kuitafuna ozoni. Wenye viwanda wakasema nadharia hiyo. 1985 Waingereza waliokuwa wanapima hewa kituo cha Halley kule Antaktika wakatoa vipimo vyao, ozoni ya huko imeporomoka vibaya, na miaka miwili tu baadaye, 16 Septemba 1987, itifaki ikasainiwa. Miaka miwili! Katikati hapo magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba waziri wao mmoja, Hodel, anaona afadhali watu wavae kofia na miwani ya jua kuliko kusaini mkataba, wakamcheka mpaka basi. Na aliyekuwa anawasukuma wote wakae mezani alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba, mkuu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Nairobi. Hii huwa haisemwi.

Sasa kilichoifanya ikafanya kazi, kwa ninavyoona mimi fundi, ni vitu viwili.

Biashara. Kifungu cha 4 kinasema nchi zilizo ndani haziruhusiwi kununua wala kuuza hizo gesi na nchi iliyo nje. Umeona mtego? Hakuna jeshi, hakuna kufunguliana kesi, ila ukikaa nje soko linakukimbia na wewe una mahospitali, una viwanda vya samaki, una friji za watu. Ndo maana wameingia wote, leo wanachama 198, hakuna nchi ya Umoja wa Mataifa iliyobaki nje.

Na hela. Nchi zilizokuwa zinatumia chini ya kilo 0.3 kwa mtu kwa mwaka, yaani sisi, tuliongezewa miaka kama kumi ya kujipanga. Lakini India na China walisema muda peke yake haututoshi, nyie ndo mmechafua, tunataka hela ya kubadilisha viwanda, la sivyo hatuingii. 1990 kule London ukaundwa mfuko, na baada ya hapo ndo wakaingia. Mfuko huo mpaka leo umeshapitisha zaidi ya dola bilioni 4, na unalipia kitu kinachoeleweka: kiwanda fulani kilikuwa kinatumia gesi hii, kubadilisha mitambo gharama ya ziada ni kiasi hiki, chukua. Mafunzo ya mafundi nayo yanatoka humo. Oktoba 2023 walikaa Nairobi wakakubaliana dola milioni 965 kwa miaka mitatu 2024 mpaka 2026.

Linganisha na tabianchi. 2009 Copenhagen nchi tajiri ziliahidi bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, OECD, umoja wa nchi tajiri, wenyewe wanasema ilitimia 2022, na sehemu kubwa ni mikopo. 2024 Baku wakaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Hizi ahadi ni za kadi ya mchango wa harusi, kila mtu anaandika kiasi anachopenda, siku ya kukusanya simu haipokelewi. Na asiyetoa haumtoi ukumbini.

Turudi kwenye R22. Hiyo ni HCFC, ililetwa iwe ya mpito baada ya R12, inakula ozoni ila kidogo. Kwa nchi kama yetu ratiba ilikuwa hivi: 2013 kiwango kinasimama, 2015 kinapungua asilimia 10, 2020 asilimia 35, 2025 asilimia 67.5, na 2030 inaisha isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani mpaka 2040. Kwa hiyo mzee unayenitolea macho, mzigo unaoingia umeshapungua kwa theluthi mbili na mashine za R22 bado zimejaa mjini. Bei itaenda wapi kama si juu?

Kigali naiachia kwenye maoni, nimeandika mengi tayari.

mzee_wa_kahawa

Nimesoma yote mkuu, ila mi nina shida binafsi. Friji yangu ndogo nyuma imeandikwa R600a, fundi kaja kaweka 134 anasema zote gesi tu, inaunguruma sana na haigandishi kama zamani. Hii nayo ni mkataba?

fundi_geji

Hiyo siyo mkataba mzee, hiyo ni fundi. R600a ni isobyuteni, jamii moja na gesi ya kupikia, na friji ya nyumbani inakula kidogo sana, gramu hamsini sitini hivi. Kompresa yake imetengenezwa kwa presha ndogo. Ukiijaza 134 unaibebesha mzigo si wake, na oili iliyomo haipatani na 134, mwisho kompresa inakufa. Mafundi wanafanya hivyo kwa sababu mtungi wa 134 wanao na R600a wanaiogopa, inawaka. Kuiogopa ni sawa, hata mimi sichomei bomba kabla sijahakikisha gesi yote imetoka na dirisha liko wazi. Tafuta mtu aitoe yote, avute vakyumu vizuri, arudishe R600a kwa mizani, siyo kwa kukadiria.

Mlinda_Hoja

Mimi hapa ndo natofautiana na nyie mnaosifia. Angalia mchezo wote. DuPont aliuza R12. Mkataba ukaja, DuPont huyohuyo akauza 134a. Sasa 134a nayo mbaya, na kampuni iliyozaliwa na DuPont, Chemours, pamoja na Honeywell ndo wameshika hataza za 1234yf, gesi mpya ya AC za magari, bei yake usiulize. Kila baada ya miaka ishirini thelathini tunaambiwa gesi mliyonayo ni mbaya nunueni hii. Hii sheria ya kimataifa au oda ya dukani?

fundi_geji

Hoja yako naiheshimu, na una kitu. Machi 1988 mkuu wa DuPont aliwaandikia maseneta watatu kwamba hakuna haja ya kupunguza CFC kwa haraka hivyo, halafu kabla mwezi haujaisha, baada ya wanasayansi kutoa ripoti nyingine, kampuni ikatangaza itaacha kuzitengeneza kabisa. Mwezi mmoja huohuo. Usiniambie hawakuwa wameshapiga hesabu ya nani atauza mbadala.

Lakini angalia mbele. Gesi zilizobaki salama zaidi kwa hewa ni propeni, R290, na hiyo isobyuteni, na hewa ukaa yenyewe. Propeni huwezi kuichukulia hataza. Kuna kiwanda India, Godrej, kimekuwa kinatengeneza AC za R290 tangu 2012. Kwa hiyo safari hii tuna mlango wa kutoka dukani kwa hao jamaa, tatizo letu ni kwamba mafundi hawajafundishwa kushika gesi inayowaka na wateja wanaisikia wanakimbia, wakati jikoni kwao pana mtungi wa kilo 15 wa gesi hiyohiyo.

Mlinda_Hoja

Hapo kwenye mtungi wa jikoni umenimaliza kidogo 😂 Ila bado naona tuliambiwa 134a ni safi.

fundi_geji

Kwa ozoni ilikuwa safi kweli, haina klorini. Kilichokuja kugundulika ni joto. Kilo moja ya 134a ikiachiwa hewani inatega joto sawa na kilo 1430 za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka mia. 410A, gesi nyingine ya AC, ni 2088. 404A, hii ya vyumba vya barafu na magari ya samaki, inakaribia 4000. Propeni ni 3. Ndo hapo Kigali inaingia. Oktoba 2016 walikesha pale mpaka alfajiri ya Jumamosi tarehe 15, wakakubaliana kupunguza hizi HFC, yaani jamii ya 134a na wenzake. Makadirio ya wakati ule ni kwamba ikitekelezwa yote inaweza kuzuia joto kupanda mpaka nusu nyuzi ifikapo mwisho wa karne. Nusu nyuzi kwa friji na AC tu, wakati mkataba wa tabianchi wa Paris mzima unagombania moja na nusu.

mpemba_maskati

Assalaam aleikum. Mie nipo Maskati kazi zangu ni hizihizi za AC, tena huku hakuna nyumba isokuwa nazo. Muongeze na hili, Kigali haikuwapa watu wote tarehe moja. Nyie Afrika mashariki na wengi wenu mmesimamisha kiwango 2024. Oman, Saudia, Imarati, Kuwait, Qatar, Bahrain, pamoja na India, Pakistan, Iran na Iraq wamepewa mpaka 2028. Hoja yao ilikuwa joto. Huku kiangazi kinapita nyuzi 45, na mashine ambayo Ulaya inapoza vizuri huku juu ya paa inakwama, inakata, mwenye nyumba anakupigia simu saa nane mchana. Wengine wakisema ni kisingizio cha wenye mafuta. Mie nshapanda mapaa hayo, si kisingizio kitupu.

fundi_geji

Waaleikum salaam sheikh. Hilo ndo tamu la huu mkataba, walikubali kwamba watu hawafanani. Matajiri walianza kupunguza 2019, sisi 2024 tumesimama, 2029 tunashuka asilimia 10, tunafika 80 mwaka 2045, nyie wa huko 85 mwaka 2047. Tarehe zimeandikwa, siyo "tutajitahidi".

dada_wa_forodha

Mnazungumza kama vile mitungi inaingia kwa hewa. Mimi nafanya kazi za kutoa mizigo na niwaambie mkataba unaishi au unakufa bandarini. Tangu marekebisho ya 1997 kila nchi inatakiwa iwe na leseni za kuingiza na kutoa hizi gesi. Sawa, leseni zipo. Lakini HFC kwa miaka mingi hazikuwa na msimbo wake wa forodha, zilikuwa zinaingia kwenye fungu moja na kemikali nyingine kibao, kwa hiyo ukiuliza nchi imeingiza 134 kiasi gani mwaka fulani unapewa makadirio. Msimbo wa dunia ulirekebishwa 2022 ndo zikatenganishwa. Fikiria, Kigali 2016, msimbo 2022. Halafu afisa anafungua kontena anaona mitungi ya rangi ya bluu isiyokolea imeandikwa R134a, ndani kuna nini? Bila kile kifaa cha kupima hawezi kujua, rangi anapaka mtu yeyote.

mzee_wa_kahawa

Kumbe hata gesi ina feki 🙆🏾

fundi_geji

Mzee feki ya gesi inaua. 2011 kulikuwa na makontena ya baridi, yale ya meli, yalijazwa gesi Vietnam. Waliuziwa kama 134a kumbe imechanganywa na R40, methili kloraidi, ambayo ikikutana na aluminiamu ndani ya kompresa inatengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Mafundi wamefungua, mlipuko. Watatu walikufa, na mmoja wao alikuwa Brazil, kontena limezunguka dunia nzima na bomu tumboni. Kampuni za meli zikasimamisha makontena kwa mamia wakihofia. Ndo maana mtungi wa bei ya kutupa mimi sinunui hata mteja akinisema ghali.

Na @dada_wa_forodha umegusa penyewe. Mkataba ukibana mzigo halali bila bandari kujua kilichomo, unamfungulia biashara mtu wa magendo. Miaka ya tisini Miami ilijaa CFC za magendo baada ya Marekani kuifungia, na wale wana forodha wa uhakika kuliko sisi.

naivasha_damu

Niaje wadau, Kenya hapa. Mmesahau methili bromaidi. Mimi nimekulia Naivasha na wazee wetu walifanya kwa mashamba ya maua, kabla ya kupanda walikuwa wanafunika udongo na makaratasi ya plastiki halafu wanapitisha hiyo gesi chini iue minyoo na magonjwa yote. Ilikuwa inaua kila kitu aisee. Nayo inamaliza ozoni na ilikuwa kwa hiyo protokoli, nchi zetu zikapewa mpaka 2015. Watu walipiga kelele ati maua yataisha, Ulaya haitanunua. Yakaisha? Walihamia mvuke, wengine wakaacha udongo kabisa wanapanda kwa mawe mepesi ya volkano na maganda ya nazi. Cha kuchekesha, kufukiza mizigo ya kusafirishwa ilibaki ruhusa, mkataba uliacha hilo dirisha na liko wazi hadi leo.

Mwanasheria_Njaa

Naomba niongeze kitu kutoka upande wa vitabu maana naona mafundi mmetuzidi ujanja. Silaha kubwa ya Montreal si kifungu cha 4 pekee. Kuna kifungu cha 2 aya ya 9. Kwa gesi ambazo tayari ziko kwenye orodha, wanachama wanaweza kukaza ratiba kwa theluthi mbili ya kura, na ikipita inawafunga wote, hata aliyekataa, bila kurudi bungeni kuridhia upya. Kwenye sheria ya kimataifa hiyo ni nadra sana, nchi hazipendi kabisa kufungwa na kitu hazijakisaini. Hawajawahi hata kupiga hizo kura, wanaelewana, lakini kila mtu anajua fimbo iko nyuma ya mlango. R22 ilikazwa 2007 kwa njia hiyo. Kigali ilikuwa tofauti, gesi mpya kwenye orodha, ikabidi kila nchi iridhie. Marekani Seneti ilipitisha Septemba 2022, kura 69 kwa 27.

Sasa weka pembeni Kyoto, mkataba wa tabianchi uliotangulia Paris. Seneti ya Marekani 1997 ilipiga 95 kwa 0 kuonya serikali yake isisaini kitu cha namna hiyo, hata mkutano haujafanyika. Kanada ikaingia halafu Desemba 2011 ikatangaza inatoka, na hakuna bei iliyolipa. Paris Marekani imetoka, ikarudi, ikatoka tena.

Ila msikate tamaa sana. 23 Julai 2025 Mahakama ya Haki ya Kimataifa kule The Hague ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na Baraza Kuu kwa kusukumwa na Vanuatu, na majaji wote walikubaliana: nchi zina wajibu wa kisheria kulinda tabianchi, na ikivunjwa fidia inaweza kudaiwa. Tena kuna wajibu unaotokana na mila ya sheria ya kimataifa, kwa hiyo kujitoa kwenye mkataba hakukusafishi. Na kati ya mikataba mahakama iliyosema inahusika moja kwa moja, ya ozoni na Kigali yake imo.

Mlinda_Hoja

Maoni ya ushauri. Rudia tena taratibu, ya ushauri.

Mwanasheria_Njaa

😂 Najua. Lakini wakili akienda mahakama ya nchi yoyote kesho anayo ya kunukuu, jana hakuwa nayo.

kisiki_cha_mpingo

Wakuu mnawaonea watu wa tabianchi. Ozoni ilikuwa rahisi. Viwanda vya CFC vilikuwa vichache duniani, unawaita wote chumba kimoja. Mafuta na makaa ni uchumi mzima, daladala, umeme, saruji, mbolea. Utamwekea nani marufuku ya biashara? Ukianza na asiye mwanachama wa Paris utaacha kununua mafuta kwa nani? Na hata hiyo ozoni kuna mtu alidanganya, 2018 wanasayansi waligundua CFC-11 inaongezeka hewani wakati ilitakiwa iwe haizalishwi.

fundi_geji

Ya CFC-11 ni kweli, na mimi inanipa moyo badala ya kunikatisha. Vituo vya kupimia hewa Korea na Japani vilionesha inatoka mashariki mwa China, Shandong na Hebei, viwanda vilikuwa vinaitumia kutengeneza povu la kuzuia joto. Ikatangazwa, China ikakaza msako, na vipimo vilivyofuata vikaonesha imeshuka. Yaani mwizi alionekana kwa kupima hewa. Ripoti ya 2022 ya wanasayansi inasema tukiendelea hivi ozoni itarudi hali ya 1980 kama 2040 sehemu kubwa ya dunia, na juu ya Antaktika karibu 2066.

La urahisi nakubaliana nusu. Viwanda vichache sawa, lakini watumiaji tulikuwa mamilioni na 1987 mbadala ulikuwa haujawa tayari dukani. Walisaini kwanza, mbadala ukakimbizwa na tarehe. Hilo ndo naliona halifanyiki upande wa pili, wanasubiri mbadala uwe rahisi ndo waweke tarehe.

Ninapoona Kigali ikikwama ni hapa kwetu chini kabisa. Ratiba inahesabu gesi inayoingia nchini. Haihesabu ile fundi anayoiachia hewani akifungua mfumo, pssss, dakika mbili imeisha, kwa sababu mashine ya kuivuta na kuirudisha kwenye mtungi ni ghali kuliko vifaa vyake vyote, na mteja hamlipi mtu kwa gesi iliyookolewa, analipa kwa AC inayopuliza baridi. Mafunzo yanatolewa, cheti unapata, unarudi kazini na geji ileile. Ningekuwa na sauti ningesema hela za mfuko zinunue hizo mashine ziwekwe kwa vikundi vya mafundi mtaa kwa mtaa, za kukodi.

dada_wa_forodha

Na mafriji chakavu yanayoletwa na makontena kutoka Ulaya? Ghana walipiga marufuku friji za mitumba 2013. Sisi tunapokea mashine ambayo kwao haiuziki tena, halafu gesi yake inahesabiwa kwetu tunapoijaza.

mpemba_maskati

Hilo la kuhesabiwa kwetu liandikieni uzi wake.

mzee_wa_kahawa

Fundi mimi bado nina AC ya R22 sebuleni ukiacha hiyo friji. Niitupe?

fundi_geji

Usiitupe kama haivuji. R22 iliyomo ndani haiishi kwa kutumika, ikipungua ujue kuna tundu. Fundi anayekuja kila msimu kuongeza bila kutafuta linapovuja anakula hela yako na anatuharibia hewa. Mwambie aanze na sabuni kwenye maungio yote ya nje, hasa zile nati za shaba. Likipatikana na koili ni nzima, ziba, vuta vakyumu, jaza mara moja. Kama koili ya ndani imeoza, hapo usiingize tena hela, nunua mpya na uangalie kibandiko kabla hujalipa: kwa kutega joto hewani R32 ni nafuu kuliko 410A kwa mbali, na ukikuta R290 nitafute inbox nije kuifunga mwenyewe.